Mwache Mtoto Alale Kambini

Kibomet, Kitale
Oktoba

Mwanangu mpendwa,

  Mvua imeanza kupungua, mahindi yamekauka shambani, na kila jirani anatafuta vibarua wa kuyakata. Barua yako niliisoma mchana, nikaisoma tena usiku nyumba ilipotulia, maana niliona swali lako moja lina matatu ndani yake: binti yako aende au asiende ile kambi ya wiki moja upande wa Endebess likizo hii ya Desemba, pesa hizo zisingefaa zaidi kulipia masomo ya ziada, na je, mama anayempenda mwanawe humpeleka akiwa na miaka 11 akalale kwenye hema mahali ambapo mama mwenyewe hayupo.

Jibu langu ni kwamba aende. Nimefundisha watoto maisha yangu yote ya kazi, na kwa sehemu kubwa ya maisha hayo nilikuwa mlezi wa skauti shuleni, kwa hiyo sijibu kwa kubahatisha. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu zangu pamoja na masharti yangu, kwa kuwa si kila kambi inayomstahili mtoto wetu.

Naanza na la baba watoto. Unasema yeye anaona kambi ni mambo ya wazungu wenye pesa. Nusu ya maneno yake ni kweli. Kambi za likizo kwa jinsi tunavyozijua leo zilianza ng'ambo. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Connecticut, Marekani, jina lake Frederick Gunn, aliwatoa wanafunzi wake shuleni akaenda kulala nao kwenye mahema kando ya bahari. Mwaka 1876 mchungaji Walter Bion wa Zürich, Uswisi, akawachukua watoto wa maskini wa mji ule akawapeleka kwenye milima ya Appenzell ili wapate chakula kizuri na hewa safi. Mweleze mumeo habari ya huyo wa pili. Watoto wale hawakuwa wa matajiri. Na hata Baden-Powell, alipofanya kambi yake ya kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwachukua wavulana wapatao 20, wengine wa shule za mabwana na wengine wa familia za vibarua, akawachanganya kwenye mahema yale yale. Skauti walifika Kenya miaka mitatu tu baadaye, 1910, na mzee mwenyewe alikuja kuishi Nyeri, akafa huko 1941, na huko ndiko alikozikwa.

Nusu ya pili ya maneno ya mumeo ndiyo isiyosimama. Yeye ni Mbukusu, na mwenyewe alitahiriwa. Muulize: ile Agosti yake, baada ya kisu, alilala kwa nani? Alikaa likombe, yaani nyumba ya watahiriwa, na wenzake wa rika, mbali na mama, mbali na dada, chini ya watu waliochaguliwa na ukoo kuwaangalia. Humo walifundishwa namna ya kuzungumza na wakubwa, kutunza mali, kuvumilia maumivu, kusimama na mwenzako. Hadi leo, kila Agosti ya mwaka wa shufwa, Bungoma nzima husimama kwa ajili ya wavulana hao, na mzee wa miaka 80 bado atakuambia jina la rika lake, awe Nyange au Maina, kabla hajakuambia shule aliyosoma. Wasabaot wa mlimani wana yao, Wapokot wana yao, na Waswahili wa pwani walikuwa na jando na kungwi wake. Babu zetu waliyajua haya kabla Gunn hajazaliwa: mtoto akifika umri fulani, kuna jambo ambalo mama na baba hawawezi kumpa, hata wawe wazazi wema namna gani, kwa sababu wao ni mama na baba. Nyumbani yeye ni mtoto wa fulani, mdogo wa fulani, yule mwoga wa kuku, yule asiyependa maharagwe. Sura hiyo amevalishwa na watu wa nyumbani na hawezi kuivua mbele yao. Akipelekwa kwa siku chache kati ya watu wasiomjua, anagundua kwamba anaweza kuwa mtu mwingine, mara nyingi aliye bora. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kambi. Faida nyingine zote zinatoka hapo.

Kwa wasichana habari yetu ina kidonda, na wewe ni mama wa msichana, kwa hiyo sitaipita. Kwa majirani zetu wengi wa mlimani na wa Pokot, msichana naye alitengwa na kufundishwa, lakini alikatwa. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ilikuwa ndiyo msimu wenyewe, kwa kuwa shule zimefungwa na kidonda kina wiki nyingi za kupona. Sheria ya mwaka 2011 imeharamisha ukeketaji Kenya nzima, lakini kabla ya sheria hiyo, akina mama walikuwa wameshapata jibu, na jibu lao lilikuwa kambi. Mwaka 1996 huko Tharaka, chama cha Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la PATH waliwaweka wasichana pamoja kwa muda wa kama wiki moja, wakafundishwa mambo ya mwili, usafi, heshima na kujiamulia, kisha wakatolewa mbele ya wazazi kwa ngoma na zawadi, kama walivyofanyiwa wanawali wa desturi, ila kisu hakikuwepo. Wakaiita Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Mtindo huo ulisambaa sehemu nyingi za nchi. Hata huku kwetu, ukipanda matatu kwenda Kapenguria, utakuta shule na makanisa ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakiwalaza wasichana wakati wa likizo ya Desemba ili wapite msimu ule salama. Sasa wewe unaniuliza kama kambi ina faida. Kuna mabinti katika kaunti jirani waliofika kidato cha nne kwa sababu Desemba fulani walilala kambini.

Binti yako hayuko katika hatari hiyo, namshukuru Mungu. Lakini naye anaingia umri ule ule, na maswali anayo. Mengine hatakuuliza wewe. Atamuuliza msichana wa miaka 19 anayeosha naye sufuria kambini.

Nije kwenye masomo ya ziada. Nakuomba usiyalipie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, imekataza masomo ya likizo, na ingawa najua kuna watu wanayaendesha kwa mlango wa nyuma, sababu ya katazo hilo ni nzuri. Mtoto aliyekaa dawatini tangu Januari hahitaji dawati jingine Desemba. Isitoshe, mtaala huu mpya unamtaka ashirikiane, aongee, atatue shida, atunze mazingira, na mambo haya walimu wanahangaika kuyafundisha kwa kuandika ubaoni. Kambini anayafanya. Kundi lake limepewa kilo kadhaa za unga, kuni mbichi na saa moja. Chakula kikichelewa, kundi zima litalala njaa kidogo. Hapo atajifunza kugawana kazi haraka kuliko somo lolote nililowahi kufundisha.

Utaniambia basi shule ya bweni ingetosha. Haitoshi, wala si kitu kimoja. Bweni ni muhula mzima, kuna kengele, kuna alama, kuna nambari ya mwisho darasani ambaye kila mtu anamjua. Kambi ni siku chache na haina mtihani. Mtoto aliye wa mwisho kwenye hesabu anaweza kuwa ndiye hodari wa kuwasha moto kwenye upepo, na kwa mara ya kwanza wenzake wanamngoja yeye. Nimewaona watoto wa aina hiyo wakirudi shuleni Januari wakiwa wananyoosha mkono darasani. Hesabu hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na mahali walipowahi kuwa wa kwanza.

Jambo jingine ni simu. Uliniandikia kwamba analala nayo. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, California, walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wapatao 100 wa darasa la sita. Nusu yao walikwenda kambi ya mlimani siku tano bila simu, televisheni wala kompyuta. Wenzao wakabaki na maisha yao ya kawaida. Wale wa kambini walirudi wakiwa wameongeza uwezo wa kusoma hisia za mtu usoni kuliko waliobaki. Ni uchunguzi mdogo, na siku tano ni chache, lakini unakubaliana na yale niliyoyaona mwenyewe kwa macho. Mtoto akikosa kioo cha kutazama, anatazama watu.

Sasa lile ambalo liko moyoni mwangu zaidi, labda kwa sababu ya mahali tunapoishi. Trans Nzoia ni kaunti ya watu wote. Hapa Kibomet, kanisani kwetu, ukiketi benchi moja utamkuta Mbukusu, Msabaot, Mturkana, Mkikuyu, Mkisii na Mpokot. Siku za amani tunasahau, kisha unakuja uchaguzi au ugomvi wa mashamba tunakumbushwa. Yale mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008 unayakumbuka. Ulikuwa mkubwa wa kutosha kuona watu wakishuka na magodoro vichwani. Watoto wetu wanasoma pamoja, lakini jioni kila mmoja anarudi kwenye kijiji cha watu wake na mazungumzo ya watu wake. Ni wapi Mbukusu wa miaka 11 atalala usiku wa baridi akigawana blanketi na Msabaot wa miaka 11, amsikie akisali kwa lugha yao, ajue anaogopa giza kama yeye?

Lakini kuwalaza pamoja tu hakutoshi, na hapa nataka uwe mkali. Mwaka 1954 mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki, Muzafer Sherif, aliwapeleka wavulana 22 wa miaka 11 na 12 kwenye kambi ya Robbers Cave, Oklahoma. Akawagawa makundi mawili yasiyojuana, kisha akayashindanisha kwa zawadi. Siku chache hazikupita, watoto wale wazuri wa nyumba nzuri walikuwa wanachomeana bendera na kuvamiana usiku. Akawaleta wale pamoja mezani, wakarushiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida ya wote: maji ya kambi yalikatika, lori lililopaswa kwenda kuleta chakula likakataa kuwaka, ikabidi wote wavute kamba moja. Mwisho wa kambi waliomba warudi nyumbani kwa basi moja. Nisingekubali mtoto wetu afanyiwe jaribio la siri kama lile. Hata hivyo, funzo lake ni la maana kwa kaunti kama yetu. Kiongozi wa kambi anaweza kutengeneza maadui ndani ya wiki, na anaweza kutengeneza marafiki ndani ya wiki, kwa watoto wale wale. Kwa hiyo, ukikutana na viongozi wa hiyo kambi, waulize wanagawa mahema kwa njia gani. Wakikuambia wanawapanga kwa shule au kwa kanisa walilotoka, waombe wawachanganye. Uliza pia kama siku zote zimejaa mashindano. Kambi njema ina kazi nyingi za pamoja na vikombe vichache vya ushindi.

Mahali penyewe, chini ya Mlima Elgon, napapenda. Mbuga ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968, na watoto wengi wa Bungoma wanauona mlima ule kila asubuhi bila kuwahi kukanyaga msitu wake. Ataona miti mikubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuikumbatia. Atasikia habari ya ndovu wanaoingia pangoni usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, jambo ambalo wageni husafiri kutoka mbali kulishuhudia. Wakimpitisha na kinamasi cha Saiwa itakuwa vizuri zaidi, maana ni mbuga ya kilomita za mraba zisizozidi tatu, ndogo kuliko zote Kenya, unaizunguka kwa miguu ukimtafuta nzohe kwenye matete. Na Jumba la Makumbusho hapa Kitale lina njia ya msituni ambayo mtoto anaweza kuitembea kwa utulivu.

Ila pangoni pana sharti langu la kwanza. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark alifariki kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kuzuru pango la Kitum, na virusi vile vinajulikana kukaa kwenye popo wala matunda. Watoto walione pango kutoka mlangoni, wakiwa na askari wa wanyamapori. Ndani kwenye popo wasiingie. Kiongozi akilicheka sharti hili, mrudishe binti yako nyumbani.

Sharti la pili ni moto. Najua tangu ule usiku wa Septemba 2024, wavulana 21 walipoteketea katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, hujalala vizuri kila unapomwazia mtoto kulala mbali. Hofu hiyo ni halali, nami ninayo. Kama watalala ndani ya jengo hata usiku mmoja, nenda ukalione. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Yasome maneno hayo ukiwa umesimama mbele ya mlango, sukuma mwenyewe uone. Kama ni mahema, yasibanane, na jiko liwe mbali.

La tatu ni watu. Taka kujua ni nani analala karibu na wasichana, na kama ni wanawake wawili au zaidi. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja mahali pa siri, hata awe mtumishi wa Mungu. Mwambie binti yako kwa maneno ya wazi kwamba mwili wake ni wake, na mtu akimwambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kukuambia wewe kwanza. Uliza daktari au muuguzi yuko wapi na kama gari la usiku lipo. Maji ya kuogelea yawe na mwangalizi, au wasiingie kabisa. Nimeona watu wazima wakiona haya kuuliza maswali haya wasije wakaonekana wasumbufu. Wewe sumbua.

Kuhusu pesa, kama ada ya hiyo kambi inawaumiza, msikope. Skauti shuleni kwake wana kambi za bei nafuu. Kwa umri wake anatoka Sungura kuingia Chipukizi, na mbele yake kuna Mwamba na Jasiri. Girl Guides wana zao. Waadventista wana Pathfinder, na watoto wao ndio hodari wa kupiga hema katika eneo lote hili. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, vilivyoanza mwaka 1968, vimewalaza wanafunzi wengi kwenye hosteli zao kwa gharama ndogo. Baadaye, akifika miaka 14, kuna Tuzo ya Rais, ambayo ipo tangu 1966 na ina safari za miguu na za kulala nje. Ngazi ya dhahabu inamtaka mtu akae siku kadhaa na watu asiowajua akifanya kazi ya manufaa. Kambi ya fedha nyingi yenye farasi na mpishi anayewapikia haimfundishi zaidi ya kambi ya turubai na zamu ya kuchota maji. Naamini inamfundisha kidogo zaidi tu kuliko kukaa nyumbani.

Jiandae pia, kwa maana atalia. Pengine usiku wa kwanza, pengine wa pili, jua linapozama na sauti za nyumbani hazipo. Usimwahidi kwamba ukilia nitakuja kukuchukua, kwa sababu tangu hapo atakuwa anangoja kulia. Mwambie kwamba utamkosa, kwamba atakukosa, na kwamba anaweza kuibeba hali hiyo na bado akacheza. Kwangu mimi, kutoka hapa Kibomet hadi Endebess si safari, naweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sitakwenda. Nitakaa na simu yangu karibu kwa ajili ya dharura, na wewe fanya vivyo hivyo.

Mfungashie sweta mbili, maana usiku wa chini ya mlima si wa Bungoma. Mabuti ya mpira, blanketi zito, tochi, chandarua, leso na daftari dogo. Simu ibaki kwako. Nguo azipange yeye mwenyewe, hata akikosea, ili akitafuta soksi gizani ajue alikoziweka.

Mpe mumeo barua hii aisome, kisha Jumamosi hii nendeni wote wawili mkaone mahali penyewe na mzungumze na viongozi uso kwa uso. Shule zinafungwa mwisho wa mwezi na nafasi hujaa. Niandikie mlichokiona.

Ni mimi shangazi yako,
Kibomet